Vivutio vya Tabora na Njia ya Misafara: Jinsi ya Kuvitumia Kujibu Swali

Mtahiniwa, soma kwanza aya hii. Ni aina ya jibu ninalokutana nalo kila ninaposahihisha mtihani wa majaribio:

"Tabora ina vivutio vingi vya utalii kama vile mbuga za wanyama, majengo ya kale na utamaduni. Vivutio hivi huvutia watalii wengi na kuliingizia taifa fedha za kigeni. Pia vivutio hivi hutoa ajira kwa vijana."

Hakuna uongo hapo. Lakini jaribu kufuta neno Tabora, kisha uandike Kilwa, Iringa au Bagamoyo. Jibu linabaki lile lile. Msahihishaji naye analiona hilo upesi, kwa sababu ameshasoma karatasi hamsini zenye aya hiyo hiyo. Swali linapotaja mahali, linataka uthibitishe kwamba unapafahamu mahali hapo.

Katika somo hili shika jambo moja: kivutio cha kihistoria ni ushahidi. Kila unapotaja eneo, sema eneo hilo linathibitisha nini. Ukifanya hivyo huhitaji maneno mengi, wala huhitaji kukariri orodha ya vivutio ishirini.

ANZIA NZEGA

Mimi nafundisha wilaya ya Nzega, kwa hiyo nitaanzia nyumbani. Ukitoka Singida kwa basi la Mwanza unateremka mlima Sekenke, unavuka bonde la Wembere, unapita Igunga, halafu unaingia Nzega. Abiria wengi wanaifahamu Nzega kama njia panda: basi la Tabora linakata kushoto, la Shinyanga na Mwanza linaendelea. Pande zote ni mashamba ya mpunga, mahindi, alizeti na pamba, na ng'ombe wa wafugaji. Chini ya ardhi hiyo kuna dhahabu.

Mgodi wa Golden Pride, uliokuwa Lusu, ulianza kuzalisha dhahabu mwishoni mwa 1998. Ndio uliotangulia migodi mingine mikubwa ya kisasa ya dhahabu iliyofunguliwa nchini baada ya mageuzi ya uchumi. Uzalishaji ulikoma kabla ya 2015. Hesabu mwenyewe: haukufikisha hata miaka 20. Wapo kati yenu ambao wazazi wao walifanya kazi pale, na mnajua mji ulibadilikaje mishahara ile ilipokoma. Wachimbaji wadogo wangali wanachimba Nzega na Igunga hadi leo, lakini mgodi mkubwa umebaki mashimo na kumbukumbu.

Kwa nini nimeanza na mgodi katika somo la vivutio? Kwa sababu swali la umuhimu wa vivutio mara nyingi ni swali la uchumi lililovaa kanzu ya historia. Mgodi huisha madini yake yakiisha. Jengo la kale, likitunzwa, laweza kuonwa na mgeni wa mwaka huu na wa miaka 50 ijayo. Hoja hiyo ukiiandika kwa mfano wa Nzega ina nguvu kuliko kuandika "fedha za kigeni" peke yake. (Nakuonya pia: usiende kutalii kwenye mashimo ya wachimbaji. Kingo zake hubomoka.)

Ukiwa bado upande huu, usiisahau Sekenke. Wengi huipita usingizini. Dhahabu ya Sekenke ilichimbwa tangu enzi ya Wajerumani, na tutakutana nayo tena tutakapofika mjini Tabora.

NJIA YA MISAFARA: KOSA LINALOWAPOTEZEA WENGI ALAMA

Njia ya kati ilianzia pwani, hasa Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, ambayo ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Ni zaidi ya miezi 4 ya kutembea. Mwaka uliofuata Speke aliondoka hapo hapo Kazeh kwenda kaskazini, akafika ziwa ambalo Wazungu waliliita Victoria. Katika safari zote hizo aliyefahamu njia hakuwa mgeni. Alikuwa kirangozi, kiongozi wa msafara, aliyetangulia mbele.

Sasa sikiliza kwa makini. Mwaka mmoja mwanafunzi wangu aliandika hivi: "Wanyamwezi walifanywa watumwa wa kubeba pembe za ndovu hadi pwani." Nikampa sifuri kwa hoja hiyo. Akanifuata ofisini na karatasi yake. Hakuja kubishana. Alitaka kujua. Akaniambia, "Mwalimu, bibi yangu anasema mzee wa ukoo wetu alikwenda pwani mara tatu, akarudi na nguo, akanunua ng'ombe. Mimi nilidhani bibi anaficha aibu."

Bibi hakuwa anaficha kitu. Wanyamwezi walikuwa wameanza kupeleka misafara yao wenyewe pwani tangu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla wafanyabiashara Waarabu hawajajenga makazi Unyanyembe. Kazi ya upagazi ilikuwa kazi ya mshahara. Mpagazi alibeba takriban frasila 2, yaani karibu kilo 32, mbali na mkeka wake, chakula chake na chungu chake. Alilipwa kwa nguo, shanga na waya za shaba. Kitambaa kilichopendwa sana kiliitwa merikani, kwa sababu kilifumwa Marekani. Pembe nazo nyingi zilifika huko huko: viwanda vya jimbo la Connecticut vilizikata kutengeneza vibonye vya piano. Kwa vijana wengi wa Unyamwezi, safari ya pwani ilikuwa kama jando. Ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado mtoto. Wakidhulumiwa posho waligoma, na wengine waliweka mzigo chini wakatoroka usiku.

Je, hii ina maana kwamba hapakuwa na utumwa? La hasha. Usikimbilie upande wa pili. Watumwa walipitishwa njia hiyo wakiwa wamefungwa, wengine walibebeshwa pembe, na katika Unyanyembe yenyewe walikuwapo watumwa waliolima mashamba ya watemi na wafanyabiashara. Msafara mmoja uliweza kuwa na mpagazi wa mshahara, mtumwa anayepelekwa kuuzwa, askari, mpishi, na mke wa mpagazi akiwa na mtoto mgongoni. Jibu zuri linawatenganisha watu hao. Jibu baya linawatia wote gunia moja.

Kumbuka pia lugha. Watemi walioko njiani, hasa Ugogo ambako maji ni haba, walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita na kutumia visima. Siku hizi neno hilo lina maana ya rushwa. Nafurahi sana mtahiniwa anapolitumia katika maana yake ya zamani, kwani linaonesha kwamba watawala wa Kiafrika walikuwa na mamlaka juu ya njia, hawakuwa watazamaji. Wakati mwingine mamlaka hiyo iliwagharimu: Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe, aliondolewa madarakani karibu mwaka 1860 baada ya kugombana na wafanyabiashara wa Tabora juu ya ushuru.

Zingatia: Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, ikitaja vituo 6: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha ya awali si Urithi wa Dunia kamili. Usiandike kwamba Kwihara tayari ni Urithi wa Dunia kama Magofu ya Kilwa au Mji Mkongwe wa Zanzibar. Hilo ni kosa la kawaida.

KWIHARA

Kutoka Nzega hadi Tabora mjini ni zaidi ya kilomita 100 za lami, na Kwihara ni kilomita chache nje ya mji. Hapo ndipo lilipo tembe la Livingstone, ambalo sasa ni makumbusho ndogo. Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo yenye paa la bapa na ua katikati. Lango lake limechongwa kwa mtindo wa pwani. Simama mbele ya lango hilo dakika mbili na umeshapata hoja: ufundi wa pwani umefika kilomita mamia bara, umepachikwa kwenye nyumba ya udongo wa Unyamwezi. Huo ni ushahidi wa mwingiliano wa utamaduni, na hauhitaji maelezo ya kurasa mbili.

Nyumba unayoiona leo imejengwa upya. Sema hivyo ukiulizwa kuhusu vyanzo vya historia. Jengo lililojengwa upya lina thamani, lakini si sawa na jengo la asili.

Stanley alifika Unyanyembe mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akakaa Kwihara. Alimkuta Ujiji mwishoni mwa mwaka huo. Februari 1872 walirudi pamoja hadi Kwihara. Mwezi Machi Stanley akaondoka kwenda pwani, na Livingstone akabaki katika tembe hilo hadi Agosti. Alikuwa anafanya nini miezi yote hiyo? Anasubiri. Asingeweza kwenda popote mpaka Stanley amtumie wapagazi na vifaa kutoka pwani. Vitabu vingi vinaandika kwamba Livingstone alikaa Kwihara, vinaishia hapo. Wewe malizia: alikaa kwa sababu bila wapagazi hakuna mpelelezi aliyeweza kusogea hatua.

Livingstone alifariki Mei 1873 katika Zambia ya leo. Wenzake Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili wakaubeba. Oktoba mwaka huo walipita Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza Cameron, aliyewashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mimi nikiwapeleka wanafunzi Kwihara huwaambia wasipige picha na jina la Livingstone tu. Wamtafute na aliyembeba.

ISIKE NA MIRAMBO: USIWACHANGANYE

Eneo la Unyanyembe lina kumbukumbu ya Mtemi Isike. Wajerumani walimshambulia zaidi ya mara moja mwaka 1892 wakashindwa kuivunja ngome yake iliyoitwa Isiunula. Januari 1893 walirudi wakiongozwa na Tom von Prince. Ngome ilipoingiliwa, Isike alilipua ghala la baruti akiwa ndani, asikamatwe mzima.

Watahiniwa humchanganya Isike na Mkwawa wa Uhehe. Sababu inaeleweka: wote walipigana na Wajerumani, wote walichagua kutokamatwa, na huyo huyo von Prince yumo katika habari zote mbili. Tofautisha hivi: Isike ni Unyanyembe, 1893, baruti. Mkwawa ni Uhehe, 1898, risasi. Usisogee mbele kabla hujaishika.

Mirambo ni mtu mwingine kabisa, na hakupigana na Wajerumani. Alifariki Desemba 1884, kabla hawajafika bara. Makao yake yalikuwa Urambo, magharibi ya Tabora. Aliunganisha falme ndogo ndogo kwa nguvu ya vijana wa kivita walioitwa ruga-ruga, na mwaka 1871 vita vyake na wafanyabiashara wa Tabora viliifunga njia ya Ujiji. Ndiyo maana Stanley alilazimika kuzunguka kusini. Kwa hiyo ukienda Urambo unaona makao ya mtawala wa bara aliyeweza kuisimamisha biashara ya pembe, na wafanyabiashara wa Zanzibar wakalihisi pigo hilo.

Urambo hiyo hiyo ina historia ya kilimo. Ilikuwa mojawapo ya sehemu 3 za mradi wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea, ulioanza 1947 na kuanguka baada ya miaka michache tu. Leo Urambo inajulikana kwa tumbaku. Mfano mmoja wa mahali unakupa hoja ya siasa ya karne ya 19 na hoja ya uchumi wa kikoloni. Mifano ya namna hiyo ndiyo ya kuitafuta.

MJINI TABORA

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Hapo ndipo kazi ya mpagazi wa masafa marefu ilipofikia mwisho. Stesheni, boma la Wajerumani na jengo la hoteli ya zamani lililo karibu na stesheni ni alama za kipindi hicho. Boma litazame kwa mbali, kwani linatumiwa na jeshi. Miembe mikubwa iliyopanga njia unaweza kuitazama bure: miembe ya Tabora, kama ya Ujiji, inahusishwa na watu wa misafara.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, serikali ya Wajerumani ilihamia Tabora. Fedha ilipoadimika, karakana ya reli ikageuzwa kuwa kiwanda cha sarafu mwaka 1916. Humo zilipigwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka Sekenke, ule mlima unaoupita kwenye basi. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliiteka Tabora. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani huzitafuta sana sarafu hizo. Wengi wao hawajui Sekenke iko wapi. Wewe unajua.

Shule ya Tabora Wavulana, iliyoanzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920, ndipo aliposoma Mwalimu Julius Nyerere kuanzia 1937, na baadaye alirudi mji huo huo kufundisha shule ya Mtakatifu Maria. Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora uliamua chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walitaka kususia. Nyerere akawashawishi wakubali, na TANU ikashinda. Swali la kudai uhuru likija, mkutano huo ni mfano wako.

Vivutio vya asili nitavipitia haraka. Ugalla ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019. Misitu ya miombo inayoizunguka Tabora ndiyo chanzo cha asali yake mashuhuri, na ufugaji wa nyuki ni kivutio cha utamaduni kama mtahiniwa ataeleza mzinga unatundikwaje na asali inarinwa vipi, badala ya kuandika "mila na desturi".

LIREKEBISHE JIBU

Turudi kwenye ile aya ya mwanzo. Hii hapa hoja moja tu, imeandikwa upya:

"Vivutio vya Tabora ni chanzo cha kumbukumbu za historia. Kwa mfano, tembe la Kwihara, ambalo limejengwa upya, linaonesha mwingiliano wa pwani na bara kwa lango lake lililochongwa kwa mtindo wa pwani. Vilevile linakumbusha mchango wa wapagazi, kwani mwaka 1872 Livingstone alisubiri hapo kwa miezi 5 kuanzia Machi, kwa kukosa wapagazi na vifaa vya kuendelea na safari."

Sentensi 3: hoja, mahali, ushahidi wenye mwaka. Ukiwa na aya 5 au 6 za namna hii, pamoja na utangulizi mfupi na hitimisho fupi, umemaliza. Usipoteze dakika 10 kufafanua maana ya neno utalii. Na kama tarehe imekutoka kichwani, andika "mwanzoni mwa miaka ya 1870". Mwaka wa kubuni unakuharibia hata hoja iliyo sahihi.

Yule mwanafunzi wa bibi alirudia swali lile. Safari hii aliandika kuhusu mpagazi wa mshahara, akaeleza mzigo, malipo na mgomo, halafu kama mfano wa masimulizi ya mdomo akaweka habari za mzee wa ukoo wake. Nilimpa alama zote za hoja hiyo. Mkoa wenu nao una wazee. Waulizeni kabla ya Novemba.

MASWALI YA MAZOEZI

1. "Kila aliyebeba pembe za ndovu katika njia ya kati alikuwa mtumwa." Jadili kauli hii kwa hoja 5.

2. Tofautisha Mirambo na Isike kwa kuzingatia eneo, kipindi, maadui zao na mwisho wao.

3. Eleza jinsi sarafu ya dhahabu ya Tabora ya mwaka 1916 inavyoweza kutumiwa kama chanzo cha historia ya uchumi na ya vita.

4. Mgodi uliokuwa tegemeo la wilaya yako umefungwa. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ukipendekeza maeneo 3 ya kihistoria ya kutunzwa, na kwa kila eneo ueleze mgeni aoneshwe nini akifika hapo.